Mary Tealby, mwanamke aliyewafungulia mlango mbwa waliopotea

Katika mfululizo wa maisha ya watu waliotangulia, leo tunamsimulia mwanamke wa Uingereza ambaye hakuwa malkia, hakuwa tajiri na hakuandika kitabu. Alikuwa na karibu miaka sitini, ametengana na mume wake, na afya yake haikuwa nzuri. Katika umri ambao wengi wanafikiria kupumzika, alianzisha jambo lililowafanya watu wazima wamcheke magazetini. Jambo hilo limesimama hadi leo, zaidi ya miaka 160 baadaye.

Jina lake ni Mary Tealby. Alianzisha makao ya mbwa waliopotea na wenye njaa katika jiji la London mwaka 1860. Leo mtu wa London akitaka kufuga mbwa, halazimiki kununua. Anaweza kwenda kwenye makao, akamchagua mbwa asiye na mwenyewe, akaulizwa maswali, kisha akaondoka naye nyumbani. Utaratibu huo umeenea nchi nyingi, na mizizi yake inatufikisha kwa mama huyu.

Tunajua kwamba wako wasikilizaji watakaouliza mara moja: mbwa tena? Watu wana shida, sisi tunazungumzia mbwa? Swali hilo ni la haki. Mary Tealby mwenyewe aliulizwa hivyo hivyo, tena kwa ukali. Tutalifikia.

Binti wa Huntingdon

Mary alizaliwa tarehe 30 Desemba 1801 katika mji mdogo wa Huntingdon, kaskazini mwa London. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mary Bates. Alikuwa na ndugu wa kiume aitwaye Edward, ambaye baadaye alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana. Ndugu hawa wawili waliishi wakisaidiana, na tutaona jinsi Edward alivyokuwa nguzo ya dada yake hadi mwisho.

Alipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, Mary aliolewa na Robert Tealby, mfanyabiashara wa mbao wa Hull. Hull ni mji wa bandari upande wa mashariki ya Uingereza, na wakati huo meli zilishusha mbao nyingi hapo kutoka nchi za baridi za kaskazini. Ndoa hiyo haikudumu kwa furaha. Kufikia miaka ya 1850 Mary alikuwa ameondoka Hull na kurudi kwa watu wa nyumbani kwao, waliokuwa wakiishi London katika eneo la Islington. Hakurudi tena kwa mume wake, ingawa jina la Tealby alibaki nalo.

Ni vizuri tuelewe maana ya jambo hilo kwa zama zile. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, mali ya mwanamke aliyeolewa ilihesabiwa kuwa ya mume wake. Sheria ya kwanza ya kulirekebisha jambo hilo ilipitishwa mwaka 1870, na iliyolimaliza hasa ikaja mwaka 1882. Mary alikuwa amekwisha kufa. Kwa hiyo mwanamke aliyetengana na mumewe mwaka 1860 hakuwa na nguvu kubwa mbele ya sheria. Hakuwa na kura, hakuwa na cheo. Alichokuwa nacho ni marafiki, ndugu yake, na moyo usiokata tamaa.

London ya wakati ule

London ya mwaka 1860 ilikuwa na watu karibu milioni 2.8. Lilikuwa jiji kubwa na lenye utajiri mwingi, lakini mitaa yake ya nyuma ilijaa watu wasio na kazi, watoto wasio na viatu na wazee waliolala vibarazani. Mto Thames ulikuwa umejaa uchafu kiasi kwamba kiangazi cha mwaka 1858 harufu yake iliwalazimisha wabunge kushughulikia ujenzi wa mifereji mipya ya majitaka.

Katika mitaa hiyo walikuwepo pia mbwa wengi. Wengine walikuwa wa wenyewe, wanalinda maduka au kuua panya. Wengine walikuwa mbwa koko, waliozaliwa mtaani na kufia mtaani. Wengine walikuwa wamepotea tu. Na wengine walikuwa wameibwa. Wizi wa mbwa ulikuwa biashara kamili London: mwizi anamchukua mbwa wa tajiri, kisha anatuma ujumbe kwamba akilipwa fedha atamrudisha. Mshairi maarufu Elizabeth Barrett Browning aliibiwa mbwa wake, Flush, mara tatu katika miaka ya 1840, na kila mara ilibidi fedha zitolewe ndipo arudi.

Mbwa wa mtaani walipigwa mawe, walikanyagwa na magari ya farasi, na wengi walikufa kwa njaa. Watu waliwaogopa pia kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Wakati huo hapakuwa na chanjo yoyote. Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtu wa kwanza, mtoto Joseph Meister, mwaka 1885, yaani miaka 25 baadaye. Kabla ya hapo, aliyeng'atwa na mbwa mwenye ugonjwa na kuambukizwa hakuwa na dawa. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, na tusiisahau tunapowahukumu watu wa zama zile.

Hata hivyo, Uingereza ilikwisha kuanza kubadilika katika kuwatendea wanyama. Mwaka 1822 Bunge lilipitisha sheria dhidi ya ukatili kwa ng'ombe, farasi na wanyama wengine wa kazi. Mwaka 1824 kikaundwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, na mwaka 1840 Malkia Victoria akakiruhusu kutumia jina la kifalme. Mikokoteni ya kuvutwa na mbwa ilipigwa marufuku London mwaka 1839 na baadaye nchi nzima. Lakini kumzuia mtu asimpige mnyama wake ni jambo moja. Kumchukua mnyama asiye na mtu na kumpa chakula na pa kulala ni jambo jingine, na hilo hakuna chama kilichokuwa kimelifanya.

Mbwa wa jikoni kwa Sarah Major

Simulizi iliyohifadhiwa inasema hivi. Mwaka 1860 Mary alikwenda kumtembelea rafiki yake, Sarah Major, aliyeishi mtaa wa Canonbury, Islington. Alimkuta na mbwa jikoni. Sarah alikuwa amemwokota barabarani akiwa amekonda, hana nguvu ya kusimama. Wanawake hao wawili walijitahidi kumuuguza, lakini njaa ilikuwa imekwisha kumaliza mwili wake. Mbwa yule akafa.

Wengi wangeishia hapo: wangesikitika, wangemzika, na kesho yake wangeendelea na shughuli. Mary hakuishia hapo. Alianza kuwaokota mbwa wengine na kuwaweka nyumbani, katika chumba cha nyuma cha kuoshea vyombo. Kila aliyefuga anajua yatokanayo na hali hiyo. Mbwa wagonjwa wanahitaji kutengwa na wazima. Wanabweka usiku. Wanakula, na chakula ni fedha. Baada ya muda mfupi ilionekana wazi kwamba chumba kile hakitoshi.

Mary akatafuta mahali. Akapata mazizi ya farasi nyuma ya nyumba katika mtaa wa Hollingsworth, eneo la Holloway, kaskazini mwa London. Hapakuwa mtaa wa matajiri. Si mbali na hapo palikuwa na mnada mkubwa wa mifugo wa jiji, uliofunguliwa mwaka 1855, ambako ng'ombe na kondoo walifikishwa kwa maelfu. Katika mazizi hayo, mwezi Oktoba 1860, Mary alifungua makao aliyoyapa jina la Makao ya Muda ya Mbwa Waliopotea na Wenye Njaa.

Tarehe 27 Novemba mwaka huo kamati ilikutana kwa mara ya kwanza, katika ofisi za kile chama cha kifalme cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Ndugu yake Edward alikuwa pamoja naye katika kazi hiyo, na marafiki wa kike walichangisha fedha. Mlinzi wa kwanza wa mbwa aliyeajiriwa aliitwa James Pavitt.

Kazi ilivyofanyika

Tulifikiri msikilizaji wa kijijini angependa kujua mambo haya kwa undani, maana huruma bila utaratibu huishia kuwa vurugu.

Kwanza, makao yalikuwa ya muda, kama jina lake lilivyosema. Mary hakukusudia kukusanya mbwa wakae humo hadi wazeeke. Mbwa aliletwa, akalishwa, akasubiri. Mwenyewe akijitokeza na kulipia gharama za chakula, alimchukua. Asipojitokeza ndani ya wiki mbili, mbwa aliweza kuuzwa kwa mtu mwingine wa kumtunza, na fedha hizo zikasaidia matumizi. Hapo ndipo tunapoona mwanzo wa utaratibu wa leo wa kumpatia mbwa wa makao nyumba mpya.

Pili, palikuwa na kanuni iliyotungwa kwa akili sana: aliyemleta mbwa hakupewa zawadi yoyote. Unaweza kujiuliza kwa nini, kwani zawadi ingewavutia watu kuokoa mbwa wengi zaidi. Jibu ni wizi tuliousema. Laiti makao yangelipa kwa kila mbwa, wezi wangeiba mbwa wa watu na kuwaleta kama waliookotwa. Kamati iliuona mtego huo mapema na kuukwepa.

Tatu, makao yalitegemea michango. Palikuwa na wafadhili waliotoa kidogo kidogo, wengi wao wanawake. Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, si utajiri, na methali hiyo inaeleza vizuri jinsi Holloway ilivyoishi miaka ile ya mwanzo. Kulikuwa na nyakati za deni. Kulikuwa na majirani waliolalamikia kelele. Mbwa wengine walifika wakiwa wamedhoofu mno, na hao walikufa au ilibidi wauawe ili wasiteseke.

Magazeti yalicheka

Makao yalipofunguliwa tu, gazeti la The Times, lililokuwa na nguvu kuliko magazeti yote ya Uingereza, liliandika makala ya kuyakejeli. Hoja yake ilikuwa kwamba kutoka kwenye huruma ya busara hadi kwenye upuuzi ni hatua moja tu, na kwamba walioanzisha jambo hili huenda akili zao hazikuwa sawa.

Tufikirie hali hiyo. Mwanamke wa miaka 58, asiye na mume pembeni yake, anafungua gazeti linalosomwa na mawaziri na kukuta kazi yake inafanywa kichekesho mbele ya taifa. Zama zile mwanamke wa heshima alitakiwa jina lake lisitajwe hadharani hata kidogo. Angeweza kufunga milango ya mazizi na kusema yameisha. Makao hayakufungwa.

Nyuma ya kejeli ile, hata hivyo, palikuwa na swali zito, nalo ndilo lile tuliloahidi kulifikia. Watu wa London walikuwa na njaa. Maskini waliokosa pa kwenda walipelekwa kwenye nyumba za kazi, ambako mume na mke walitenganishwa na chakula kilikuwa cha kubahatisha. Je, ilikuwa haki kumpa mbwa mkate wakati mtoto wa jirani hana?

Sisi hatuwezi kulipuuza swali hilo, kwa sababu hata kwetu linaulizwa. Lakini katika maisha ya Mary tunaona mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, chakula alichowapa mbwa hakikutoka kinywani mwa maskini. Kilitoka kwa watu waliokubali kutoa kwa ajili hiyo, na kama makao yasingekuwepo, hakuna hakika kwamba fedha hizo zingemfikia mtoto mwenye njaa. La pili ni hili: mbwa anayekufa njaa barabarani ni tatizo la watu pia. Anang'ata. Anaeneza magonjwa. Anawazoesha watoto kuona kiumbe kikiteseka huku wakicheka. Mji unaomwondoa mbwa huyo kwa utaratibu unajisaidia wenyewe.

Hata hivyo hatusemi kwamba waliouliza walikuwa wabaya. Anayeuliza fedha ya hisani iende wapi kwanza anauliza jambo la maana, na hata familia yenye shilingi chache huulizana hivyo kila jioni. Kosa la gazeti lile, kwa maoni yetu, lilikuwa kucheka badala ya kuuliza.

Sauti ya utetezi

Miaka miwili baadaye, mwezi Agosti 1862, upepo ulibadilika kidogo. Jarida lililohaririwa na mwandishi mashuhuri Charles Dickens lilichapisha makala juu ya maonyesho mawili ya mbwa. Moja lilikuwa onyesho kubwa lililofanyika Islington, ambako mbwa wa kifahari waliosafishwa na kulishwa vizuri walipangwa wapewe zawadi. La pili halikuwa onyesho hasa. Lilikuwa ni yale mazizi ya Holloway, mwendo mfupi kutoka hapo, walikokaa mbwa wasiotakiwa na mtu.

Makala ile iliwaeleza wasomaji tofauti ya mahali hapo pawili, na iliwazungumzia mbwa wa Holloway kwa upole na mzaha wa kirafiki. Jarida la Dickens lilisomwa na familia nyingi sana. Watu waliokuwa hawajawahi kufikiria habari za makao hayo wakayajua, na jambo lililokuwa kichekesho likaanza kuonekana kuwa la utu.

Mwisho wa safari

Mary hakuishi kuona matunda makubwa. Alipata ugonjwa wa saratani. Alihamia nje ya jiji, katika mji wa Biggleswade, na huko alifariki tarehe 3 Oktoba 1865 akiwa na miaka 63. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Andrea mjini humo. Edward naye alipofariki alizikwa kaburi hilo hilo pamoja na dada yake.

Alifanya kazi hiyo kwa miaka mitano tu. Tukihesabu maisha yake yote, miaka 58 ya mwanzo haikuacha alama yoyote katika vitabu vya historia. Tungesikia nini juu yake kama angefariki mwaka 1859? Hakuna. Tunalisema hili kwa wasikilizaji wetu ambao wanadhani umri umewapita.

Yaliyofuata baada yake

Mwaka 1867 Bunge lilipitisha sheria iliyowapa polisi wa London mamlaka ya kuwakamata mbwa wanaozurura. Polisi walihitaji mahali pa kuwapeleka, na makao yale yakawa ndiyo mahali penyewe. Idadi ya mbwa ikaongezeka sana, na malalamiko ya majirani wa Holloway nayo yakaongezeka. Mwaka 1871 makao yalihamia Battersea, kusini mwa mto Thames, kati ya njia za reli. Huko yapo hadi leo, na kwa jina hilo la Battersea ndiyo yanajulikana duniani. Mwaka 1883 yalianza kupokea paka. Mwaka 1885 Malkia Victoria alikubali kuwa mlezi wake. Kutoka kukejeliwa na gazeti kubwa hadi kulelewa na malkia ilikuwa miaka 25.

Tusifiche upande mgumu. Mbwa walioletwa na polisi walikuwa wengi kuliko watu wa kuwachukua, na sheria ilitaka wakae siku chache tu. Wengi sana waliuawa. Mwaka 1884 Battersea iliweka chumba maalumu, kilichobuniwa na daktari Benjamin Ward Richardson, cha kuwaua mbwa kwa dawa ya usingizi ili wasiumie. Wakati wa hofu ya kichaa cha mbwa katika miaka ya 1880, idadi ya waliouawa ilikuwa kubwa mno. Mahali palipofunguliwa ili mbwa wasife mtaani pakawa mahali wanapofia. Waliopenda wanyama walibishana juu ya hilo, na ubishi huo haujaisha hadi sasa katika makao ya nchi nyingi. Huruma ikikutana na idadi kubwa hulazimika kuchagua, na uchaguzi wenyewe unauma.

Kilichopunguza maumivu hayo hakikuwa makao peke yake. Uingereza iliweka sheria kali za kuwafunga mbwa midomo na kuwazuia mipakani, na mwaka 1922 kichaa cha mbwa kikakomeshwa kabisa nchini humo. Baadaye chanjo na kuwahasi mbwa vikawa jambo la kawaida, watoto wa mbwa wasio na mwenyewe wakapungua. Tangu mwaka 1860 makao yale yamehudumia mbwa na paka zaidi ya milioni 3.

Wapo na wenye majina. Mwaka 1914, mbwa wa kuvuta mikokoteni ya barafu wa msafara wa Ernest Shackleton wa kwenda Ncha ya Kusini walihifadhiwa Battersea kabla ya safari. Mwaka 2011 paka aitwaye Larry alichukuliwa kutoka hapo akapelekwa kukamata panya katika nyumba ya Waziri Mkuu. Mwaka huo huo Camilla, ambaye sasa ni Malkia wa Uingereza, alichukua mbwa wa Battersea aitwaye Beth, na mwaka uliofuata akamchukua mwingine, Bluebell. Mbwa koko ameingia ikulu.

Sisi tunajifunza nini

Kwetu Afrika Mashariki mbwa ana kazi. Analinda boma usiku, anafuata mifugo, anafukuza nyani na ngedere shambani. Makao ya mbwa si mengi, ingawa katika miji kama Nairobi, Arusha na Dar es Salaam wapo watu wanaowaokota, kuwatibu na kuwatafutia wenyewe wapya. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Lakini kijijini mara nyingi mbwa anakuja mwenyewe: anaonekana nyuma ya jiko asubuhi moja, anapewa ugali uliobaki, na baada ya wiki watoto wamekwisha kumpa jina.

Ukimpokea mbwa wa namna hiyo, au ukimchukua kwa watu wanaookoa mbwa, fanya kama Mary na kamati yake walivyofanya: huruma iende na utaratibu.

Kwanza, uliza kama ana mwenyewe. Huenda kijiji cha pili wanamtafuta. Pili, usimwache acheze na watoto siku hiyo hiyo. Mweke peke yake, mwangalie anavyokula na anavyotembea. Mbwa anayetokwa na mate mengi, anayeng'ata ovyo au aliyebadilika tabia ghafla usimguse kabisa. Toa taarifa kwa bwana mifugo au uongozi wa kijiji. Tatu, mchanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kama utakavyoelekezwa. Wataalamu wanasema kwamba asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kuenea. Kampeni za kuchanja mbwa kisiwani Pemba zimeonyesha kwamba kichaa cha mbwa kinaweza kukomeshwa hata huku kwetu. Nne, kama hutaki watoto wa mbwa, ahasiwe. Usisubiri wazaliwe ndipo uwatupe porini.

Na mtu yeyote aking'atwa, hata kama jeraha ni dogo, lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akaulizie chanjo. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya dalili, chanjo inaokoa.

Mary Tealby hakuwa na chanjo, wala sheria ya kumlinda, wala gazeti la kumtetea alipoanza. Alikuwa na mazizi ya kukodi, mlinzi mmoja, ndugu mmoja na marafiki wachache. Mbwa wa kwanza alimfia mikononi, na hakuna anayejua jina la mbwa huyo. Wema hauozi, walisema wazee. Mbwa anayetoka leo katika lango la Battersea akiwa na mkanda mpya shingoni anaelekea nyumbani kwa sababu yule wa kwanza hakufika.

Kama kijijini kwenu siku ya kuchanja mbwa imetangazwa, mjulishe na jirani yako.